Kiapo Nilichokikataa Kando ya Jeneza

Mwanangu Ngoie,

Umetoka kwenda Karavia kuwaaga wenzako wa chuo, na jinsi ninavyokujua hutarudi kabla ya kumaliza nyimbo zote mnazozijua. Nimefurahi, maana nilihitaji nyumba iwe kimya. Nimekaa mezani, kalamu mkononi kama siku za kusahihisha kazi za darasa la tano, nami nakuandikia jibu ambalo ningekupa kwa mdomo juzi kama ningekuwa mama mwenye ulimi mwepesi.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za sufuria, wala jinsi ya kumchagua mwenye nyumba huko Kananga. Shangazi yako ameshakushauri juu ya mbu wa Kasai mpaka nimewaonea huruma mbu wenyewe. Wewe ni mtu mzima, umesoma sheria, na kesho unapanda ndege kwenda kuanza kazi ya hakimu. Mambo ya sufuria utayajua ukishaunguza moja.

Juzi tulikuwa tunakunja nguo zako kitandani. Ulishika blauzi nyeupe, ukaiangalia hiyo blauzi badala ya kuniangalia mimi, ukasema:

"Mama, ile siku ya kilio ya papa, juu ya nini ulikatalaka kulapa?"

Nikakuambia, "Kunja nguo."

Ukakunja. Lakini hukuishia hapo, maana ukaidi uliurithi pande zote mbili. Ukasema polepole, "Mi nitakuwa ninalapisha bantu kila siku. Kama muntu anakatala kulapa mbele yangu, niwaze nini?"

Nikatoka, nikaenda kusonga ugali wa bukari. Nilikasirika, Ngoie. Nilikisikia kilichokuwa chini ya swali lako: mtoto niliyemzaa na kumsomesha peke yangu hana hakika kama mama yake alimuua baba yake. Kisha nikiwa naosha vyombo nikakumbuka kwamba tangu siku ile hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza kwa nini nilikataa kuapa. Walioninyooshea kidole hawakuuliza. Walionitetea nao hawakuuliza, waligombana tu na wale wengine. Wewe ndiwe wa kwanza, na aliyeuliza anastahili kujibiwa.

Nianze mbali kidogo, kwa baba yako na riwaya zake.

Unakumbuka kwamba baba yako alikuwa karani wa reli, kama baba yake alivyokuwa mtu wa reli huko Kamina. Usichokumbuka vizuri, kwa sababu ulikuwa mdogo, ni ulevi wake. Wanaume wengine walipita baa. Yeye alipita kwa wauza vitabu wa chini kule mjini, wale wanaotandaza turubai kando ya barabara, akarudi na riwaya ya upelelezi ya Kifaransa iliyoliwa pembe na panya. Baada ya chakula alisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na kila mtu alipokufa kwenye kitabu aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemficha muuaji. Hizo ndizo zilikuwa raha zetu, na sidhani nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile.

Kulikuwa na kimoja tulichokisoma zaidi ya mara moja. Jalada lilikuwa limeng'oka, hata jina la mwandishi hatukulijua. Muuzaji alisema tu kwamba ni kitabu cha zamani ambacho wazungu wanakiheshimu. Kinahusu mama mzee tajiri katika kijiji cha baridi. Mama huyo anakufa kwa sumu iliyotiwa kwenye chai yake ya majani. Nyumbani mwake waliishi watu wawili tu: mtoto wa dada yake, mwanaume wa misa kila asubuhi, na mtumishi mwanamke, mtu wa maneno machache. Mpelelezi anayetumwa ni mzee mcha Mungu, rozari haimtoki mfukoni. Anawaita wote wawili mbele ya msalaba na kuwaambia waape. Yule mpwa anaapa huku machozi yanamtoka. Yule mtumishi anakataa. Hasemi kwa nini. Mpelelezi anawaza kama ulivyowaza wewe, kwamba anayeogopa kuapa anaogopa Mungu wa kiapo, na anamfunga.

Umeshakisia. Muuaji alikuwa mpwa. Lakini kilichotufanya tukisome tena hakikuwa hicho, maana hata mimi mwalimu wa darasa la tano nilimshuku mapema. Ilikuwa sura ya mwisho, pale mpwa anapokiri. Inaonekana hakuwa akiigiza. Alisali kweli. Alimpenda Mungu, na aliyapenda mashamba ya mama yake mkubwa, na vitu hivyo viwili vilikaa ndani yake pamoja, usiku akakoroga sumu, asubuhi akapiga magoti na kuomba msamaha kwa moyo wote. Machozi ya siku ya kiapo yalikuwa machozi ya kweli. Na mpelelezi, akishasikia hayo, anaingia kanisani na kushindwa kusali, kwa sababu haelewi tena ni nini alichokuwa akikipima watu wakisali.

Baba yako hakukubali sura ile.

"Mwenye anasali vile haezi kuua," alisema. "Huyu mwandishi ni mupagani."

"Mwenye anasali ni muntu, Banza," nikamwambia.

"We mama, unaona zambi fasi yote!"

"Nafundisha batoto makumi tano mu darasa moja. Naona zambi fasi yote kweli."

Akacheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa na moyo mweupe, mwanangu. Aliamini kwamba imani inamwosha mtu mzima, kuanzia kichwani hadi kwenye visigino. Mimi niliamini, na bado naamini, kwamba Mungu anaingia ndani yetu akitukuta tumeshajaa vitu, na havitoki vyote siku hiyo hiyo. Sikujua kwamba mzaha ule wa jioni ungekuja kutuhukumu.

Maana baba yako alikuwa na tension, ugonjwa wa damu kupanda. Daktari alimpa vidonge vya kumeza kila siku ya maisha yake. Ndugu yake, Tonton wako Kabamba, alikuwa nao ugonjwa huo huo. Ni wa ukoo wao. Wakati ule Kabamba alikuwa amepata chumba cha maombi kule Katuba, karibu na kwake, na akaanza kumpeleka baba yako kila katikati ya juma. Jumapili misa parokiani, katikati ya juma maombi ya Katuba. Sikuona ubaya. Kisha siku moja baba yako alisimama mbele ya watu wale akashuhudia kwamba amepona. Alirudi nyumbani anang'aa. Akaniambia ameacha vidonge, kwa kuwa mtu hawezi kushuhudia uponyaji na mfuko wa dawa mfukoni.

Nilipigana naye. Nilificha kidonge kwenye uji, akakigundua, tukagombana mpaka majirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Nilimwambia Mungu ndiye aliyewapa madaktari akili. Alinijibu kwamba imani yangu ni ya kitabu. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu, na hapa, Ngoie, soma polepole. Nilichoka. Sikubadili mawazo, nilichoka tu. Siku moja nilikuta vidonge vimebaki kwenye kabati, nikafunga kabati, nikajiambia, acha, ni mtu mzima, mimi si mama yake. Na nilikuwa na hasira kidogo, ile hasira ya kutaka mtu aone mwenyewe. Hasira hiyo ninaikumbuka kuliko hata mazishi yake.

Hazikupita siku nyingi akaanguka uani asubuhi, mswaki mdomoni. Alifia hospitali bila kusema neno.

Kilio unakikumbuka, ulikuwa na umri wa kuona ila si wa kuelewa. Turubai kubwa kwenye parcelle, kiwanja cha nyumba yetu, wanaume nje kwenye moto, mimi chini kwenye godoro kati ya wanawake, na wewe umelala mapajani mwangu. Unazijua desturi zetu. Sisi ni Wakatoliki wa mababu, tunabatizwa, tunafunga ndoa kanisani, lakini mtu mwenye nguvu akifa, hakuna anayeridhika na neno "tension". Watu wanakula, wanaimba, na katikati ya wimbo na wimbo wanaulizana kwa sauti ya chini: nani? Nani alimukula? Kwetu kumla mtu ni kumloga. Ndiyo maana nasema riwaya zile hazikuwa ngeni kwetu. Zinafanana na kilio cha kwetu. Katika zote mbili kifo hakiruhusiwi kwenda kaburini mpaka kipate mwenyewe.

Asubuhi ya kuzika, kabla sanduku halijafungwa, Kabamba aliingia na wazee wa ukoo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alishika Biblia ya baba yako. Akaisimamisha mbele yangu.

"Shemeki," akasema, "bantu banasema mingi. Mi sisemi. Tia mukono hapa, ulape mbele ya kaka yangu kama hauna kosa hata moja mu lufu yake. Kisha tutamuzika na roho ya kutulia."

Nikaiangalia ile Biblia. Nikamwangalia baba yako.

"Siezi kulapa hivi," nikasema.

Mwanamke mmoja nyuma yangu alipiga yowe. Mjomba wako, kaka yangu, alisimama na ngumi zake, wakamshika. Mtu akasema, "Umesikia? Umesikia yee mwenyewe?" Na wewe uliamka, ukaniangalia. Hayo macho ndiyo uliyoyaficha juzi kwenye blauzi.

Sasa jibu. Nimekuwa na majibu mengi kwa miaka hii, na mengine ni mazuri kuliko la kweli, kwa hiyo nimelazimika kuyapanga na kuyaacha moja baada ya jingine. Kwanza nilijiambia nilikataa kwa sababu ya baba yangu, katekista, ambaye hakuapa maishani mwake. Alisema neno linalotembea na fimbo limeshavunjika mguu. Ni kweli alisema hivyo, ila wakati ule sikumkumbuka. Kisha nikajiambia ni kwa sababu ya kiburi, kwamba mke wa ndoa ya kanisa asiombwe kiapo kama mwizi wa kuku. Kiburi kilikuwepo, sikatai. Kisha nikajiambia nilimkumbuka yule mtumishi wa kitabuni. Hapana. Mtu aliyekaa mbele ya maiti ya mume wake hakumbuki riwaya.

Nilikataa kwa sababu ya maneno aliyotumia Kabamba. Hakuniambia niape kwamba sikumloga, wala kwamba sikumpa sumu. Hayo ningeapa mara moja, na mikono yote miwili. Aliniambia niape kwamba sina kosa hata moja katika kifo chake. Na mimi niliona kabati. Niliona vidonge na mkono wangu unafunga mlango. Nikajiuliza, nani anayeishi na mtu miaka yote hiyo, anakula naye, anachoka naye, halafu anaweza kusimama mbele ya maiti yake aape kwamba hana kosa hata moja? Ningeweka mkono juu ya kitabu hicho na kusema uongo mbele ya mtu pekee aliyeniamini. Basi nilisema ukweli, nao ukasikika kama kukiri. Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu.

Ningeweza kueleza. Ningeweza kusema pale pale, "Sikumuua, lakini nilichoka." Kosa langu la kwanza ni kwamba sikusema, siku ile wala miaka iliyofuata. Nilidhani ukimya una heshima. Kumbe ukimya ni chumba ambacho kila mtu anaweka vyombo vyake, na wewe ulikulia ndani yake.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hilo hulijui.

Kilio kilipokwisha nilianza kazi ya upelelezi. Usicheke. Nilizunguka kwa majirani, kwa jamaa, kwa wale mama wa shirika letu la parokia, nikauliza ni nani aliyesema neno la kwanza, na yule alilisikia kwa nani. Nilikuwa hodari. Baba yako angejivunia. Nikafika mwisho wa uzi: neno la kwanza lilisemwa hospitalini, kwenye korido, na aliyelisema ni Kabamba. Na nikaongeza hesabu nyingine. Nani alimpeleka Banza Katuba? Nani alimpigia makofi alipotupa dawa? Kila kitu kilikaa mahali pake, kama ukurasa wa mwisho. Nilihisi utamu, Ngoie, siwezi kukudanganya. Kumpata mwenye kosa kuna utamu wake, hasa ukiwa wewe ndiye uliyelaumiwa.

Nilikwenda kwake Jumapili mchana. Walikuwa wanakula, yeye na mke wake na watoto wote, mkono wake ulikuwa ndani ya sahani. Sikukaa, wala sikusalimia. Nikasema:

"Nani alimupeleka Banza mu maombi? Nani alimuambia atupe dawa? Unatafuta muloji fasi ya bure. Njo wewe ulimuua kaka yako."

Mbele ya watoto wake, Ngoie. Binti yake mkubwa alikuwa rika lako. Nilimwona akimwangalia baba yake kwa macho yale yale uliyoniangalia nayo kando ya sanduku, na sikusimama hapo, niliongeza mengine. Kabamba alitoa mkono kwenye chakula akaupangusa kwenye suruali, mara nyingi, kana kwamba haukauki. Mke wake alianza kulia, mimi nikaondoka.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Kwa siku chache nililala usingizi mzuri kabisa. Halafu misa ya Jumapili iliyofuata Baba Yetu ilinikwama katikati. Watu walisonga mbele, mimi nikabaki nyuma na mdomo wazi. Nilielewa kwamba nimefanya kama alivyofanya yeye. Alikuwa na mzigo ambao hauna mwenyewe, akanitwika mimi. Mimi nikamrudishia, na juu yake nikaongeza wa kwangu, ule wa kabati. Mimi niliyejidai naona dhambi kila mahali sikuiona hiyo iliyosimama na miguu yangu mwenyewe mlangoni pa watu. Ndiyo sababu Kabamba hakukanyaga tena hapa. Ulidhani anaogopa buloji wangu, huo uchawi walionisingizia. Nami nilikuacha udhani hivyo, kwa maana ilinifaa.

Nimekuwa Mkristo tangu tumboni, na ninakuambia kile nilichojifunza kwa shida. Imani niliyofundishwa ilikuwa ya kujibu maswali. Baba yako alikuwa na jibu: nimepona. Kabamba alikuwa na jibu: amelogwa. Mimi nilikuwa na jibu: ni Kabamba. Wote watatu tulisali, wote watatu tulikuwa wakweli kama yule mpwa na machozi yake, na kila jibu lilimvunja mtu. Siku hizi nasali kidogo kuliko zamani na nanyamaza zaidi. Naamini kuna vifo ambavyo havina mwenyewe. Kuna damu iliyopanda, mtu aliyetumaini, ndugu aliyempenda, mke aliyechoka. Ukikusanya vyote hivyo hupati muuaji, unapata familia. Kukaa mbele ya hilo bila kumtafuta mtu wa kufunga, na bado kumwita Mungu Baba, kwangu ndiyo imani yote niliyobaki nayo, na ni nzito.

Sikufundishi kazi yako. Kuna wauaji wa kweli duniani, na hao utawafunga, ndiyo kazi. Nakuomba jambo moja tu kama mama. Siku mtu atakapokataa kuapa mbele yako, usifanye haraka. Muulize kwa nini, halafu ngoja jibu, hata likichelewa. Mimi lilinichukua miaka mingi mno, na nilihitaji mtoto wangu aniulize akiwa ameshika blauzi.

Sasa habari ya kesho. Unajua kwamba mtoto wa kwetu hasafiri safari ndefu bila kubarikiwa na upande wa baba, apakwe pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso na mikononi, na mzee wa baba aseme maneno juu yake. Ulisema huhitaji, kwamba padri alikubariki na inatosha. Nimekuelewa: hukutaka kuniaibisha, maana mzee aliyebaki upande wa baba yako ni Kabamba.

Jana nilikwenda Katuba. Amezeeka. Nilimkuta nje ya nyumba, anatengeneza kiti. Alisimama, akaniletea kiti kingine, tukakaa.

"Shemeki," nikasema, "ile siku nilikuja hapa, nilikosa. Mbele ya batoto yako, nilikosa sana."

Akatikisa kichwa. "Mi pia nilitupa dawa yangu," akasema. "Siku moja na yee. Tulizitupa pamoja, tulikuwa tunacheka. Yee alikufa, mi niko hapa. Kila asubuhi namuuliza Mungu: juu ya nini yee, apana mimi? Hajibu." Akaangalia mikono yake. "Ile siku ya kilio, nilikuwa natafuta tu muntu."

"Najua," nikamwambia. "Mi pia."

Nikamwambia unaondoka, na kwamba nataka aje kukupaka pemba. Akashika tena kile kiti alichokuwa anatengeneza, nikadhani atakataa.

"Mi njo wa kubariki mutoto wa Banza? Na mukono gani?"

"Ile uko nayo," nikasema. "Hatuna ingine."

Atakuja asubuhi, kabla ya gari la uwanja wa ndege. Usimhukumu. Bado hujaanza kazi. Akikupaka udongo huenda atalia, kwa sababu una paji la uso la kaka yake. Mwache alie.

Nimebakiza jambo moja. Nilikaa hapa nikifikiri labda sasa nikuapie, kwa kuwa leo naweza kuchagua maneno mwenyewe. Biblia ya baba yako iko kabatini, ningenyoosha mkono tu. Lakini nikiapa, utaondoka na kiapo, na viapo utaviona vingi huko uendako, utajua thamani yake. Nataka uondoke na neno la mama yako likiwa peke yake, uliache au ulichukue.

Sikumuua baba yako, Ngoie. Nilimpenda, nilichoka, nikafunga kabati.

Ukiniamini, kunywa chai yako kesho, ukabarikiwe, uende. Usiponiamini, kunywa chai yako, ukabarikiwe, uende vilevile. Hata huko kwenye shaka yako mimi ni mama yako, na huko pia nitakuja kukutembelea.

Mama